Wapishi maarufu wa runinga: kwa nini wanatuvuta, na wapi wanastahili lawama

Swali la msomaji wa Tanga: "Mimi ni mamantilie, napika wali, maharage na samaki wa nazi kwa miaka 14 sasa. Binti yangu amemaliza kidato cha nne na anataka kusomea upishi wa hotelini. Kila jioni yuko kwenye simu akimtazama Gordon Ramsay, yule mpishi mkali wa runinga wa Uingereza, na wengine wa namna yake, na siku hizi ameanza kumsemesha msaidizi wangu jikoni kwa ukali alioupata huko. Mimi mwenyewe nikikaa naye hujikuta nimeangalia kipindi kizima, ingawa Kiingereza kinanipita. Kwa nini watu hawa wanatuvuta hivyo? Na je, lawama ninazozisikia, kwamba ni waigizaji na si wapishi, zina ukweli?"

Jibu:

Dada yangu, nitaanza na hilo ulilolitaja kwa kupita tu, kwamba unaangalia kipindi kizima hata lugha inapokupita, kwa sababu ndani yake mna nusu ya jibu. Chakula cha kwenye runinga hakina harufu wala ladha. Wewe unayepika kila siku unajua kwamba kitunguu hukuita kwa pua kabla hujakitazama, na kwamba tui likikaribia kukatika mkono wako huhisi tofauti mwikoni. Runinga haiwezi kukupa lolote kati ya hayo, kwa hiyo anahitajika mtu wa kuhisi kwa niaba yetu: anayeinamia sufuria akanusa na kufumba macho, anayeonja akanyamaza kidogo kabla ya kusema. Sisi huwa tunamtazama yeye usoni ili tujue chakula kikoje, na uso hauhitaji mkalimani. Ukimwondoa mtu huyo, kinachobaki ni sufuria inayotoa mvuke, na hakuna anayekaa nusu saa kutazama mvuke.

Aliyelithibitisha jambo hili mapema ni Mmarekani Julia Child. Alipoanza kipindi chake katika kituo cha umma cha Boston mwaka 1963 alikuwa na miaka 50, mwanamke mrefu mno mwenye sauti ya kupanda na kushuka, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ametoa pamoja na wanawake wawili wa Ufaransa kitabu kikubwa cha mapishi ya nchi hiyo. Hakuna aliyemtazama kwa urembo. Kipindi kilirekodiwa kwa mfululizo, karibu kama matangazo ya moja kwa moja, na makosa mengi yalibaki kama yalivyotokea. Siku moja alijaribu kugeuza chapati nene ya viazi kwa kuirusha kwenye kikaango, nusu yake ikamwagikia juu ya jiko. Akaikusanya kwa vidole, akairudisha mahali pake, na kuwaambia watazamaji kwamba mtu akiwa peke yake jikoni hakuna wa kumwona. Watu waliikuza habari hiyo kwa miaka mingi, hadi wengine wakaapa kwamba walimwona akidondosha kuku mzima sakafuni, jambo ambalo halikutokea. Naamini waliikuza kwa mapenzi. Mama wa nyumbani aliyeogopa mapishi ya Ufaransa alikuwa amepewa ruhusa ya kukosea, na aliyempa alikuwa mtu anayejua kazi yake barabara. Jiko la nyumbani kwake, pamoja na sufuria zilizotundikwa ukutani, leo limehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian mjini Washington.

Huo ndio mvuto kwa asili yake, nami siuonei aibu: ni mvuto wa kuwa na mwenzako jikoni. Sisi tuliofundishwa kupika na mama au bibi tulifundishwa na mtu aliyesimama karibu, aliyetugonga mkono tulipotia chumvi mapema na aliyetusifu kwa kuuliza kama wali umebaki. Leo vijana wengi wanapangisha chumba kimoja mjini, mbali na jiko la mama, na mtangazaji wa mapishi anajaza kwa kiasi fulani nafasi hiyo iliyo wazi. Watu hawahitaji mapishi peke yake. Mapishi yameandikwa tele, nao bado wanamfuata mtu.

Sasa nikupeleke nyuma ya kamera, kwa sababu lawama ya kwanza ya haki inatokea huko. Nimefundisha upishi kwa miaka mingi, na kwa muda niliajiriwa kuandaa vyakula vya kipindi kimoja cha mapishi. Kwa pilau moja ya dakika 25 tulipika sufuria nne. Ya kwanza ilikuwa na vitunguu vilivyoanza tu kulainika, ya pili vimefikia rangi ya hudhurungi iliyokolea, ya tatu nyama imeiva na mchele haujatiwa, na ya nne ilikuwa imefunikwa, tayari kwa kupakuliwa. Mtangazaji alikoroga ya kwanza mara tatu, akasema vitunguu vikaangwe hadi vibadilike rangi, nami nikampitishia ya pili chini ya meza. Alipofika kuonja, pilau ilikuwa imekaa karibu saa nzima ikisubiri taa zirekebishwe, mafuta yameanza kuganda pembeni mwa sahani, naye akafumba macho akasema ni tamu. Nyuma ya pazia walikuwapo akina mama wawili waliomenya vitunguu vile, wakachambua mchele na kuosha vyombo tangu saa 12 asubuhi. Hawakuonekana hata kivuli.

Sisemi kwamba huo ulikuwa udanganyifu mkubwa. Hakuna kipindi kinachoweza kukusubirisha dakika 20 ukitazama vitunguu. Lakini elewa kilichokatwa. Rangi ya pilau yote imo katika zile dakika 20 za kusimama na mwiko, ukipunguza moto, ukitia maji kijiko kimoja vitunguu vinapotaka kushika, na hizo ndizo zilizoondolewa. Kijana anayejifunza kwa runinga peke yake anapata picha kwamba upishi ni mfululizo wa mambo ya kupendeza yanayofanywa na mtu mmoja msafi, na vitunguu vyake vikichelewa kubadilika anadhani ana kasoro yeye. Wanafunzi wangu wa mwaka wa kwanza wengi huja na picha hiyo, na wiki ya tatu, walipokwisha kumenya gunia la viazi, baadhi yao huacha masomo.

Kuhusu Gordon Ramsay mwenyewe, lawama kwamba ni mwigizaji na si mpishi haina msingi, na ningependa binti yako ajue kwa nini. Alizaliwa Scotland mwaka 1966, akatamani kwanza kuwa mchezaji wa mpira, kisha akaingia katika majiko ya London chini ya wapishi mashuhuri Marco Pierre White na Albert Roux, akavuka kwenda Ufaransa kufanya kazi kwa Guy Savoy na Joël Robuchon. Mwaka 1998 alifungua mkahawa wake katika mtaa wa Chelsea, na mwaka 2001 mkahawa huo ukapata nyota 3 za Michelin, kitabu cha Kifaransa kinachopima ubora wa mikahawa, ambazo ndizo daraja la juu kabisa. Yote hayo yalitangulia kipindi chake cha mashindano ya kupika, Hell's Kitchen, kilichoanza Uingereza mwaka 2004 na Marekani mwaka uliofuata. Mtu huyu alikata vitunguu vya wenzake kwa miaka mingi kabla kamera haijamjua.

Cha kuangaliwa kwa makini ni ule ukali. Ramsay alifanya kipindi cha kuokoa mikahawa inayokufa katika nchi hizo mbili, na ukitazama ya Uingereza na ya Marekani kwa kufuatana utadhani ni watu wawili tofauti. Katika ya Uingereza anatembea, anauliza, anakaa na mwenye mkahawa wakazungumzia madeni, na matusi yake yanakuja na kupita kama ya fundi aliyechoka. Katika ya Marekani muziki unagonga kama ngoma ya vita, kila neno kali linarudiwa kabla na baada ya tangazo, na ukimya umeondolewa wote. Mikono ya wahariri imefanya kazi hapo. Kisha mtazame katika mashindano ya watoto ya Marekani yaliyoanza mwaka 2013, ambako huinama hadi kimo cha mtoto anayelia kwa sababu keki yake imeanguka na kumweleza taratibu namna ya kuiokoa. Na ile video fupi ambayo bila shaka binti yako anayo, ya Ramsay akimbana mwanamke masikioni kwa vipande viwili vya mkate na kumlazimisha ajitukane, haikutoka jikoni hata kidogo. Ulikuwa mchezo wa kuchekesha ulioandaliwa kwa kipindi cha mazungumzo cha usiku mwaka 2015, na mwanamke yule ni mtangazaji wa runinga aliyekuwa akiigiza. Mamilioni ya vijana wamejifunza ukali wa jikoni kutoka kwenye mzaha.

Hata hivyo simwondolei lawama, kwa sababu ukali wa kweli upo katika majiko mengi makubwa na umewaumiza watu, na runinga imeufanya uonekane kuwa ndiyo alama ya ubora. Hali haikuwa hivyo siku zote. Uingereza ilikuwa na mpishi wa runinga aliyeitwa Fanny Cradock, aliyevaa gauni la jioni jikoni na kutawala vipindi vya mapishi vya BBC tangu miaka ya 1950. Mwaka 1976 alialikwa kumshauri mke wa mkulima kutoka Devon aliyeshinda shindano la kupika na kupewa nafasi ya kuandaa karamu ya wakubwa katika hoteli moja ya London. Mama yule alipoeleza kwa furaha kitindamlo chake cha kahawa na krimu, Cradock alikunja uso na kujifanya anataka kutapika, mbele ya kamera. Watazamaji walikasirika mno, BBC ikaachana naye, na kazi yake ya runinga haikufufuka tena. Miaka 30 baadaye dharau ya aina ile ile ndiyo ikawa chambo cha kuwavutia watazamaji. Wengine husema washindani wa leo wanajiandikisha wenyewe wakijua kinachowangoja, na hilo ni kweli, ila halimlindi msaidizi wako, ambaye hakujiandikisha popote.

Iko lawama ya fedha, nayo sitaikalia sana. Paula Deen, Mmarekani aliyejijengea jina kwa mapishi ya siagi na sukari nyingi, alitangaza mwaka 2012 kwamba ana kisukari na kwamba alikuwa amejua kwa miaka 3. Wakati huo huo akajulikana kuwa amekuwa msemaji wa kampuni inayouza dawa ya ugonjwa huo. Mtazamaji aliyemwamini alikuwa na haki ya kujua mapema zaidi. Julia Child alikataa maisha yake yote kutangaza bidhaa, na nadhani aliona vizuri kwamba anayekuelekeza cha kupika asiwe amelipwa na muuzaji wa siagi.

Jamie Oliver, mpishi mwingine wa runinga wa Uingereza, ananipa taabu zaidi, kwa sababu namheshimu na bado namlaumu. Mwaka 2005 aliingia katika majiko ya shule za Uingereza, akaonyesha watoto wakilishwa vinyama vya kiwandani vilivyosokotwa na kukaangwa, akaonyesha pia kwamba bajeti ya viungo kwa mlo wa mtoto mmoja ilikuwa senti chache za nchi hiyo, na serikali ikaahidi pauni milioni 280 kwa chakula cha shuleni. Ripoti za wataalamu zilikuwa zimelala kabatini. Uso unaojulikana ukazifumbua. Mwaka uliofuata, katika mji wa Rotherham, akina mama walianza kuwapitishia watoto wao vyakula vya dukani kwenye uzio wa shule, na magazeti yakawacheka. Mimi sikucheka. Wale walikuwa wazazi walioambiwa na tajiri wa runinga kwamba wanachowalisha wanao ni aibu, na ninavyokumbuka mimi, mama yeyote akiambiwa hivyo hufunga mlango kwanza, ndipo afikirie kama aliyesema ana haki.

Mwaka 2014 Oliver huyo huyo akachapisha mapishi yake ya jollof, wali wa nyanya wa Afrika Magharibi, yenye nyanya ndogo zikiwa bado kwenye vikonyo vyake, limau na majani ya kotimiri ya kizungu (parsley) juu, na Waafrika Magharibi wakayapokea kwa hasira iliyowashangaza Waingereza. Sisi wa Pwani tunaweza kuielewa hasira hiyo bila kufundishwa. Fikiria mtu maarufu atie manjano katika mchele, kisha atangazie dunia kwamba hiyo ndiyo pilau ya Waswahili, wakati kila mtoto wa Tanga anajua kwamba rangi ya pilau inatoka kwenye vitunguu. Kubadilisha mapishi si kosa. Pilau yenyewe ilikuja na majahazi, ikabadilika njiani na inaendelea kubadilika kutoka Lamu hadi Kilwa. Kosa ni kuchukua jina la chakula bila kumwuliza mwenye chakula, kwa kuwa mwenye jina kubwa akishasema, sauti yake ndiyo inayobaki, na bibi aliyeipika maisha yake yote anageuka kuwa mtu wa kusahihishwa.

Hapa ndipo, kwa maoni yangu, lawama nzito kuliko zote inapokaa, kwa sababu umaarufu haugawiwi kwa kufuata ujuzi. Mwaka 1949, miaka 14 kabla ya Julia Child, mwanamke mweusi aliyeitwa Lena Richard alikuwa akiongoza kipindi chake cha mapishi katika runinga ya New Orleans. Alikuwa amemiliki mikahawa, ameandika kitabu cha mapishi, amefundisha vijana weusi upishi wa kulipwa, na aliuza vyakula vyake vilivyogandishwa. Alifariki mwaka 1950. Wamarekani wachache wanalijua jina lake leo, ingawa mapishi ya mji wake yamewapa umaarufu wapishi wengi wa runinga waliomfuata.

Aliyelikabili tatizo hili waziwazi kuliko wengi ni Anthony Bourdain. Alikuwa mpishi wa New York kabla ya kuwa mwandishi na msafiri, na mvuto wake ulikuwa katika namna alivyokaa: kwenye kigoda cha plastiki, magoti juu, akila alichopewa na kusikiliza. Mwaka 2016 alikaa hivyo Hanoi na Rais Obama, wakala bakuli za tambi na nyama ya kuchoma kwa dola 6 za wote wawili. Alifika Zanzibar, alifika Goma na Kisangani, na mwaka 2018 alikwenda Kenya pamoja na mchekeshaji Mmarekani mweusi, W. Kamau Bell, ambaye jina lake la Kikuyu lilikuwa halijawahi kufika nchi lilikotoka. Kipindi hicho cha Kenya kilionyeshwa Septemba, miezi mitatu baada ya Bourdain kufariki, nacho ndicho cha mwisho chenye masimulizi yake mwenyewe. Anakimaliza kwa kuuliza ni nani mwenye haki ya kusimulia habari za namna hii, na anakiri kwamba aliyoisimulia ni yake yeye, si ya Kamau wala ya Wakenya, na kwamba za kwao bado hazijasikika. Nimekionyesha kipindi hicho darasani mara kadhaa, na kila mara wanafunzi hunyamaza hapo. Sijui mpishi mwingine wa runinga aliyetumia dakika zake za mwisho kuwaambia watazamaji kwamba kiti alichokalia kilikuwa cha mtu mwingine.

Kwa hiyo, dada yangu, usimnyime binti yako simu. Mtake akuonyeshe ile video ambayo Ramsay anapika mayai ya kuvuruga, kisha mzime sauti. Bila sauti utaona mambo ambayo maneno yanayafunika: mayai na siagi vinaingia kwenye sufuria kabla haijapata moto, mkono haukomi kukoroga, sufuria inaondolewa jikoni, inarudishwa, inaondolewa tena, chumvi inakuja mwishoni. Mwache ahesabu ni mara ngapi sufuria inaondoka kwenye moto. Kisha apike mwenyewe kwenye jiko lako la mkaa, ambako moto haupunguzwi kwa kuzungusha kitufe, na ikibidi aunguze mayai mawili matatu, usimwambie kitu. Akishaweza, mwombe amfundishe msaidizi wako, na wewe kaa pembeni ukichambua mchele, usikilize anamfundisha kwa sauti gani.